Mtani wa Meneja

Malalamiko yalifika kwa Charlotte kabla hayajamfikia Apolonia, na hilo ndilo lililomuuma kwanza. Yeye ndiye meneja wa zamu ya asubuhi katika ile nyumba ya kutunza wazee. Yeye ndiye aliyetumwa Houston wiki iliyopita, akalipiwa hoteli, akakaa siku mbili na mameneja wenzake wakifundishwa namna ya kumaliza ugomvi kazini. Karudi na cheti, kakibandika ukutani nyuma ya kiti chake, halafu ugomvi wa kwanza kabisa unampita pembeni na kwenda moja kwa moja makao makuu Dallas. Jamani, si afadhali angezabwa kibao.

"Ni Wilfred," Charlotte alisema kwenye simu, kwa kile Kiingereza chake cha taratibu. Charlotte ndiye aliyekuwa mkuu wa mambo ya wafanyakazi, na hakuwa mtu mbaya. "Nesi Kwamboka anasema alimsikia kwenye chumba cha chai akisema kabila fulani ni wezi wote, na kwamba siku moja watafukuzwa. Anasema kabila lenyewe ni la kwako." "Pole sana, Apolonia. Kwa nini hukuniambia?"

Apolonia alikaa chini.

Mambo yalivyokuwa hasa ni hivi. Alhamisi ile Apolonia aliingia chumba cha chai akamkuta Wilfred anachemsha maji. Akamwambia, "We Mpare, hayo majani ni yako au umeyaokota kwenye kikombe cha mwenzio? Maana ninyi jani moja la chai mnarithishana." Wilfred hakugeuka hata. Akasema Wachaga wasimfundishe habari za chai, maana ni wezi wote, kuanzia katekista mpaka mtoto wa kunyonya, na siku Wapare wakichoka, "tutawafukuza mlimani kote mbaki mnauziana hewa." Apolonia alicheka mpaka akajishika mbavu. Kwamboka alifika mlangoni kwenye "wezi wote," akageuka na sahani yake kwenye "tutawafukuza." Hakuna aliyemtazama usoni.

Wachaga na Wapare ni watani, na kwa Mtanzania hilo halina mjadala. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anakuchukulia kuku wako na humshtaki. Na siku ukifiwa, anakuja kukuchekesha kwenye msiba wako mwenyewe, kwa kuwa ndiye pekee mwenye ruhusa hiyo. Lakini Kwamboka ni Mkisii wa Kenya. Kwao utani wa namna hiyo hakuukuta. Alikotoka yeye, mtu akilitaja kabila lako na kulifukuza kwa sentensi moja, unaanza kuwahesabu watoto wako wako wapi.

Sasa basi, hapo kwenye simu ndipo Apolonia alipopaswa kucheka na kusema: Charlotte, yule ni mtani wangu, na tena mimi ndiye niliyemwanza. Maneno yalikuwepo mdomoni. Lakini akawaza kuwa yeye ni meneja Mwafrika wa kwanza katika kampuni ile, na wapo wanaongoja kwa hamu kusema kwamba anawalinda watu wa kwao.

"Nitalishughulikia," alisema.

"Vizuri. Fanya kama mlivyofundishwa. Mimi nitakuja kukaa pembeni tu."

 

Nyumbani Haltom City, mumewe Melkiori alikuwa anamenya ndizi za mtori. Fulana ya kazini alikuwa hajaivua. Kazi yake ni kupakia mizigo uwanja wa ndege, na siku hizi mgongo ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo alimenya amesimama.

"Wilfred?" Kisu kikasimama. "Wilfred huyu wetu?"

"Ni Wilfred gani mwingine unayemjua?"

Hawakumjua mwingine. Wilfred ndiye aliyewapokea Texas. Karibu mwaka mzima walilala sebuleni kwake Vickery Meadow, kule Dallas, Angel akajifunza kutembea kwenye zulia lake, na hakuna siku Wilfred aliyowauliza wanaondoka lini. Aliwaita Wachaga wavamizi, akawanunulia maziwa ya mtoto. Melkiori hakuwa na kaka nchi hii. Alikuwa na Wilfred.

"Mwite Jumapili," Melkiori akasema. "Mwite na huyo nesi. Mimi napika, tunakula, tunamweleza dada wa watu utani ni kitu gani, Wilfred anamwomba radhi kwa kumtisha. Yamekwisha."

"Siruhusiwi, baba Angel. Likishafika kwa Charlotte haliji tena nyumbani kwa mtu. Houston walitukazania: usimsemee mtu, usimtafsirie mtu, usiende kula na mmoja wao."

"Hata kula?"

"Usionekane una upande."

"Lakini una upande! Wewe ndiye uliyemwanza. Umenisimulia mwenyewe Alhamisi, umekaa hapo hapo ulipo, unacheka machozi yanakutoka. Umemwambia huyo Charlotte kwamba ulianza wewe?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Niache nipumue basi! Unafikiri nyumba hii inalipwa na nini? Na mgongo wako?"

Lilimtoka hilo, na akalijutia kabla halijafika upande wa pili wa meza. Melkiori akashika ndizi nyingine. Angel, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano, aliingia na kufungua friji bila kutafuta chochote.

"Is Uncle Wil in trouble?"

"Hapana, mwanangu," alisema Apolonia.

"Then why are you guys talking like that?"

Melkiori alingoja mpaka mtoto akarudi chumbani. Akafuta mikono, akamsogelea mkewe.

"Mimi sikwenda semina, mama Angel. Sijui haya mambo yenu. Ila nakuomba kitu kimoja tu. Usinipotezee Wilfred. Tukipungukiwa tutabanana, tumeshabanana sana. Lakini mtu yule akitutoka, hapa mjini tunabaki peke yetu."

"Sitakupotezea mtu," alisema Apolonia, na wakati anasema aliamini.

 

Wilfred alikuja kwenye kikao amepiga pasi sare yake ya kazi. Aliposikia kuwa atakayekiongoza ni Apolonia, alimshukuru Mungu, akalala usingizi mzuri. Shemeji atalieleza, alijiambia. Akaketi upande mmoja wa meza, Kwamboka upande wa pili, Charlotte dirishani na kompyuta yake mapajani. Katikati ya meza palikuwa na boksi la tishu, kama Houston walivyoelekeza.

Kwamboka alitangulia kusema. Kiingereza chake kilikuwa safi, lakini mikono alikuwa ameikalia. Alisema mwaka 2008, ghasia za uchaguzi zilipofika kwao, alikuwa msichana mdogo, mama yake ana duka kule mpakani mwa Wakisii na kabila jirani. Alisema watu hawakuja na mapanga siku ya kwanza. Siku ya kwanza walikuja wakichekacheka, wanamwambia mama, ninyi mmeshiba sana, ninyi tutawafukuza, na mama akacheka nao, akawapimia sukari. Duka lilipochomwa, baadhi ya waliolichoma walikuwa ni wale wale waliopimiwa.

"Sisemi Wilfred ni mtu mbaya," akasema. "Ananisaidia kuinua wagonjwa kila siku. Nasema tu nilisikia lile neno nikaenda kujifungia chooni, na nikaona aibu, kwa sababu mimi ni mtu mzima."

Hakuwa anasingizia. Laiti angekuwa anasingizia, kazi ya Apolonia ingekuwa nyepesi. Na Wilfred, masikini, alikuwa wa kwanza kuguswa. Aliinuka nusu kwenye kiti, Kiswahili kikamtoka.

"Dada, pole. Pole sana, jamani. Mimi sikujua. Wallahi sikujua." Kisha akamgeukia Apolonia, uso umefunguka kabisa. "Shemeji, hebu mweleze basi. Mweleze sisi tukoje."

Charlotte hakuelewa maneno, lakini aliona anayeombwa ni nani. Aliinua kichwa kwenye kompyuta.

Apolonia alihisi masikio yanawaka moto. "Wilfred," alisema kwa Kiingereza, "tafadhali jisemee mwenyewe. Na tutumie Kiingereza ili sote tuelewane."

Wilfred alimtazama kwanza kuona kama anatania. Kisha akaketi. Kiingereza chake kilimtosha kumwogesha mzee, kumgeuza kitandani, kumuuliza kama maji ni ya moto mno. Hakikumtosha kueleza utani. "It is joke," alisema. "Her people, my people. No problem. Is good." Akajaribu tena kwa mikono. Charlotte akaandika kitu.

Sasa ikafuata ile hatua ambayo Houston waliifanya wawili wawili wakichekeana: kila mmoja arudie kwa maneno yake alichokisikia kwa mwenzake. Apolonia akamwambia Wilfred arudie. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mvi kichwani, akaanza kurudia habari za duka la mama yake Kwamboka kama mtoto wa darasa la pili anayesomeshwa ubaoni. Alipokosea, Apolonia akamsahihisha. Akakosea tena, akasahihishwa tena. Kijasho kikamtoka juu ya mdomo.

"Inatosha," Kwamboka alisema kwa sauti ndogo. "Madam, please. Inatosha, ameshaelewa."

Apolonia aliendelea mpaka mwisho. Hatua hazirukwi, ndivyo walivyoambiwa.

Hapo Charlotte akauliza swali moja, kwa upole tu, ili amalize kazi yake: je, siku ile kuna mtu mwingine aliyetamka maneno ya namna hii?

Wilfred aliinua macho, akamtazama shemeji yake, akamngoja. Hakumkazia macho wala hakumtisha. Alimngojea kwa heshima, kama unavyomwachia nafasi mwenye nyumba aseme kwanza. Apolonia akazipanga karatasi zake, akazigonga kwenye meza zikalingana.

"Basi," alisema Charlotte.

Wilfred alipewa onyo la mwisho. Akaambiwa aahidi kwamba hatamtania tena mfanyakazi yeyote kwa kabila lake, iwe ndani au nje ya kazi. "I promise," alisema, na alipotoka alimshikia mlango Kwamboka apite.

 

Kazi hakufukuzwa, na kwa hilo Apolonia alijipongeza siku mbili tatu. Kisha akaanza kuhesabu kilichokuwa kimepotea. Asubuhi Wilfred alimsalimia, "Good morning, Manager," akapita na kigari cha mashuka. Shemeji hakuitwa tena. Jumapili kiti chake pale mezani kwao, alikozoea kula, kikakaa kitupu. Mara ana homa, mara gari linasumbua. Kwamboka naye hakufurahi. Siku moja alimfuata Apolonia korido akasema, "Madam, sikutaka ifike huko. Nilitaka tu mtu aniambie ile kitu ni nini. Sasa huyu mzee ananiogopa, nikiingia yeye anatoka." Apolonia akamjibu kuwa utaratibu umefuatwa.

Melkiori alifunga safari hadi Vickery Meadow. Wilfred akamkaribisha vizuri sana, akampa soda, akamuuliza hali ya mgongo na masomo ya Angel. Melkiori akaijaribu bahati yake: "Soda ya Mpare hii, naona umeitia maji ifike wiki ijayo." Wilfred akatabasamu kwa midomo. "Karibu, ndugu yangu. Kunywa tu."

Aliporudi hakuvua hata viatu. "Amenikaribisha kama mgeni," alimwambia mkewe. "Amenifutia kiti, mama Angel. Wilfred! Amenifutia kiti kwa kitambaa."

"Nitaongea naye."

"Utaongea naye kama nani?"

Kampuni, kwa upande wake, iliridhika mno. Charlotte aliwaandikia wakubwa kuwa ile kesi ni mfano wa kuigwa. Mshahara wa Apolonia ukapanda kidogo, na mafunzo ya kundi lingine yalipofika, wakamwita tena Houston, safari hii asimulie yeye. Akasimama mbele ya mameneja wenzake akaeleza hatua kwa hatua, bila kutaja majina, na bila kutaja nani alianza. Wakampigia makofi. Mkufunzi akasema hiyo ndiyo maana ya kutokuwa na upande.

Njiani kurudi, alisimama Corsicana kutia mafuta. Simu ikaita, alikuwa kaka yake, kutoka nyumbani kwao Kibosho, Kilimanjaro. Baba yao, Mzee Aloisi, alikuwa ameaga dunia. Alikaa kwenye gari pale kituoni mpaka mtu wa nyuma akapiga honi, na hata hapo hakukumbuka gari linawashwaje.

 

Kwenda kuzika hakuweza. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimekwama ofisi ya uhamiaji, na wakili alimwambia akitoka asiwe na uhakika wa kurudi. Basi matanga yakawekwa pale pale Haltom City. Makochi yakahamishiwa gereji, watu wakaja na mchele, na masufuria, na bahasha. Mazishi waliyatazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye televisheni. Picha ikaganda mara kwa mara, na mara ya mwisho iliganda jeneza likiwa nusu shimoni. Apolonia aliitazama ile picha iliyoganda mpaka Angel akaizima.

Kwamboka alikuja na chapati amezifunga kwenye taulo. Alimkumbatia Apolonia akalia naye, wala hakuuliza kama meneja anaruhusiwa kulia. Wilfred akaja jioni ya siku ya mwisho. Alikuwa amevaa suti. Akampa Melkiori mkono, akampa Apolonia mkono, akasema, "Pole sana, Meneja," akaketi karibu na mlango.

Mzee Khalfan, mwenyekiti wa Watanzania wa pale mjini, aliona huzuni imezidi kuwa nzito. Misiba ameshaisimamia mingi, anajua nini hufuata. Akapiga makofi mawili.

"Jamani, hivi tangu lini Mchaga akazikwa bila Mpare kufanya fujo? Mtani wa msiba huu yuko wapi? Wilfred! Inuka bwana, utudai chochote, uwazuie watu wasile! Mwigize hata marehemu tumsikie!"

Watu wakaanza kutabasamu kabla ya wakati. Akina mama wakasogea mbele kwenye viti. Melkiori alimtazama Wilfred jinsi mtu anavyomtazama daktari akitoka chumba cha upasuaji. Apolonia alikuwa ameshika ukingo wa kanga yake, na kwa mara ya kwanza tangu Corsicana moyo wake ulitaka kitu.

Wilfred aliinuka. Akakohoa, akafunga kifungo cha koti.

"Tumwombee marehemu," alisema, na akaketi.

Mzee Khalfan akacheka kidogo, akiona labda ndio utani wenyewe, kisha akaona siyo. Mtu mmoja akaanza "Baba yetu uliye mbinguni," wengine wakamsaidia.

Walipokuwa wanakula, Wilfred alibeba sahani chafu kuzipeleka jikoni. Apolonia akamfuata, akaufunga mlango kwa mgongo.

"Nitanie, shemeji."

Wilfred akaziweka sahani kwenye sinki, moja moja.

"Nitanie, nakuomba. Baba yangu amekufa, sijamzika, na hakuna mtu aliyenichekesha. Mseme. Sema alikuwa mwizi. Sema chochote."

"Nilikuja na maneno," alisema Wilfred. Alisema kwa Kiswahili, polepole, bila kugeuka. "Tangu natoka Dallas nayapanga. Jinsi Mzee Aloisi atakavyofika huko juu aulize lango linauzwa bei gani. Jinsi atakavyokataa kuingia mpaka apewe kibanda cha kuuza soda nje. Nilicheka peke yangu kwenye gari, watu wananitazama. Nimefika hapo mlangoni nikakuona, yote yakaniruka."

"Ni ile ahadi? Kesho nakwenda kwa Charlotte. Namwambia nilianza mimi. Naapa, Wilfred, kesho asubuhi."

"Siyo ahadi."

"Ni nini basi? Niambie nikirekebishe."

Hapo akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya adabu ile ile ya korido.

"Siku ile nilikungoja uniseme vyovyote, mradi useme kweli. Hukusema. Tangu hapo kila nikikuona nachunga mdomo. Siyo hasira, Mungu anaona. Ni kwamba nakuogopa, Meneja. Na siwezi kumtania mtu ninayemwogopa."

Akamsogeza taratibu kando ya mlango, akatoka. Melkiori alimwona anapita sebuleni akiwapa watu mkono mmoja mmoja, na akainuka amsindikize, lakini hadi anafika nje gari lilikuwa limeshapinda kona. Alibaki amesimama barabarani na mikono yake mitupu.

Jikoni Apolonia alifungua bomba maji yatirike kwa nguvu, akainama juu ya sinki, akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameilia siku zote za msiba. Angel alitaka kukimbilia. Mama mmoja akamshika mkono.

"Mwache mama yako alie," akamwambia. "Anamlilia baba yake."